Kombe Lilipopita Lugulu

Kitambaa cha kijani kiliisha Kitale nzima siku ya Ijumaa, saa sita mchana. Najua kwa sababu nilizunguka mwenyewe nikikitafuta, duka baada ya duka, na kila mwenye duka alinijibu kwa uso wa mtu aliyechoshwa na swali hilo tangu asubuhi. Timu yetu ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi ndogo, ile inayopandisha timu kwenda kucheza na wakubwa, na kesho yake mji wote ungetoka kuishangilia. Kila mtu alitaka utepe wa kijani, wa kichwani, wa mkononi, wa baiskeli. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na sikuwa mtu wa kuiacha siku kama hiyo inipite. Nilikuwa na jora zima la kijani nililonunua kushona sketi za shule moja ya msingi. Nikalitazama, nikatazama pembeni, nikachukua mkasi.

Kwa hiyo watu walioimba Kitale Jumamosi ile hadi sauti zikawakauka walikuwa wamejifunga sketi za watoto wa shule vichwani. Mwalimu mkuu nilimwambia kitambaa kimechelewa Eldoret. Hilo silijutii. Nina jambo jingine la kujutia kuhusu wiki ile, na halihusu sketi.

Beki wa kushoto wa timu ile alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Baba alitutoka tukiwa wadogo, na Mama akatulea katika shamba lake nje kidogo ya Lugulu, kwa mahindi, maharagwe na ukali usiopumzika. Mpira hakuupenda hata kidogo. Mpira ulimaliza viatu vya mwanawe, ulibomoa udongo wa ukuta wa jikoni, na mwishowe ulimwondoa nyumbani, maana kijana alikwenda mji mdogo wa Kwanza kubeba magunia katika ghala la mahindi ili tu jioni apande baiskeli hadi Kitale kufanya mazoezi. Mama alikuwa akisema amezaa mtoto wa kiume mmoja na ngozi ya ng'ombe imemchukua.

Kisha redio ya lugha yetu ikaanza kutangaza habari za mechi, na jina la mdogo wangu likasikika Lugulu kwenye redio za jikoni. Majirani wakaanza kumsimamisha Mama njiani kumpa pongezi. Mama akanunua betri mpya. Tangu hapo ukimtembelea Jumapili jioni ulikaa kimya mpaka habari ziishe, na ole wako uguse sufuria.

Hakuwahi kumwona akicheza. Kitale ilikuwa mbali, mechi zilikuwa Jumapili, na Jumapili ya Mama ilikuwa ya kanisa tangu asubuhi mpaka vikundi vya akina mama vimalize. Alipoanza kulainika, akawa anasema msimu ujao ataenda, miguu ikaanza kuvimba na moyo ukaanza kumsumbua. Wiki tuliyochukua ubingwa alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni pale karibu na nyumbani, na ilikuwa wiki yake ya tatu kitandani.

Nilikwenda kumwona Alhamisi. Nilimkuta ameketi, redio ndogo kifuani, akiniangalia kama mtu mwenye habari na mimi ndiye mgeni.

"Nimesikia," akasema. "Wamemtaja mara tatu."

"Ni bingwa, Mama. Jumamosi anapitishwa Kitale juu ya trekta."

Alikunja ncha ya shuka. "Mimi sijui mpira," akasema. "Lakini nataka nimwone vile watu wanamwona. Mara moja tu."

Nilielewa. Alikuwa amemwona mwanawe akiwa na njaa, akiwa na homa, akiwa na matope mpaka masikioni. Alimwona alipotoka tohara na alipofukuzwa shule kwa sababu ya karo. Hakuwa amemwona akiwa yule mtu ambaye watu wasiomjua wanaita jina lake. Na mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua bado: Jumapili kombe lingepelekwa Bungoma, kwa sababu nusu ya wachezaji walikuwa wa huko na maofisa wa huko walikuwa wameomba walione. Barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma inapita Webuye, na kabla ya Webuye inapita Lugulu, mbele kabisa ya njia ya hospitali.

Nikamweleza Mama, kisha nikamtafuta sista mkuu wa wodi, nikamleta hadi kitandani. Alikuwa mama mnene, mtaratibu, asiyepoteza maneno. Akaniambia mgonjwa wa moyo hawezi kukaa langoni mchana kutwa kwenye upepo wa mlimani akingojea lori. Nilipoanza kubishana akaniinulia kidole. "Tulia kwanza. Tutamweka kwenye kiti cha magurudumu, hapo barazani, kutoka saa nane. Tukisikia kelele, tunamsukuma mpaka geti. Dakika kumi, halafu anarudi. Na hiyo kelele yenu si itasikika ikiwa bado Misikhu?"

Tulicheka sote watatu, Mama zaidi yetu. Nikamwambia Mama asimtumie mdogo wangu ujumbe kwa mtu yeyote. Nilitaka kijana afike pale bila kujua, amwone mama yake langoni. Nilitaka kuuona uso wake, basi. Tamaa yangu ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyoharibu.

Jumamosi ilikuwa siku ambayo hata sasa nikiikumbuka natamani kuingia tena ndani yake nisitoke. Ulikuwa wakati wa kuvuna. Mahindi yalikuwa yameanikwa kando ya barabara zote, juu ya maturubai na magunia, na watu walijaa mpaka hakukuwa na mahali pa mguu. Mama mmoja alikuwa na ufagio anafagia watu kutoka kwenye mahindi yake, anafagia miguu kama vumbi, huku yeye mwenyewe amejifunga utepe wangu kichwani na anaimba. Vijana wa boda walifunga majani ya mahindi kwenye baiskeli. Wenye bucha walitoka na visu vyao wakivigonganisha. Wengine walitoa zile njuga za chuma za tohara, ingawa haukuwa mwaka wake wala mwezi wake, na wazee waliguna kidogo kisha wakaacha kuguna kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwasikia.

Timu ilikuja juu ya trela la kubebea mahindi, likivutwa na trekta la mkulima mmoja aliyelipaka kijani mpaka taa. Mdogo wangu alikuwa mbele, mkono mmoja kwenye chuma, mkono mmoja kwenye kombe. Sikumjua kwa sekunde mbili tatu. Nasema kweli. Niliona kijana mrefu, mzuri, ambaye watu elfu wanamwita, nikajiuliza huyu ni mtoto wa nani. Kisha akapiga chafya, ile chafya yake ya vumbi la magunia, nikajua ni wetu. Nilipiga kelele mpaka kesho yake nikazungumza kwa sauti ya mwanamume. "Huyo amekula ugali wangu, nyinyi! Muulizeni!" Mdomo wangu ulikuwa unajulikana soko zima, lakini siku ile hata mimi nilimezwa.

Kitale niliyoiona siku ile sijaiona tena. Watu waliogombana mwaka mzima kuhusu mipaka ya mashamba walishikana viuno. Mwenye duka langu, mtu ambaye hakuwahi kuniazima hata sindano, alinipa soda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mama yangu alikuwa hai, na mdogo wangu alikuwa juu ya trela. Nikikaa peke yangu jioni navitamani vitu hivyo vitatu kwa pamoja, na najua siwezi kuvipata tena hata kimoja jinsi kilivyokuwa.

Jumapili tulitoka tumechelewa. Wachezaji walikuwa kwenye lori la kwanza, mdogo wangu na wenzake wawili wakiwa wameketi juu ya kibanda cha dereva. Mimi nilikuwa kwenye lori la pili, pamoja na akina mama wa soko na wapiga ngoma. Nyuma yetu kulikuwa na pikapu, magari madogo, na watu wa baiskeli waliotusindikiza na kuachwa na kupokelewa na wengine. Kiminini walitusimamisha. Kamukuywa walitusimamisha zaidi, wakataka kila mtu aguse kombe. Mwenyekiti wa timu alikuwa akitazama saa na kupiga mlango wa lori kwa kiganja, kwa sababu Bungoma walikuwa wakingoja tangu mchana. Kila tulipochelewa nilimfikiria Mama kwenye kile kiti, miguu imefunikwa blanketi, sikio limetegwa.

Misikhu tuliiacha nyuma kwa kelele za kutosha. Nikasogea mbele ya lori, nikashika ubao, nikajitayarisha. Mbele kidogo, kabla hatujaziona hata nyumba za kwanza za Lugulu, nikaona mdogo wangu anasimama juu ya kibanda cha dereva. Akatugeukia. Akainua mikono yote miwili juu, kisha akaishusha polepole, viganja chini.

Sisi tumelelewa hivyo. Mtoto anayekwenda tohara huzunguka kwa jamaa akipiga njuga zake na watu wakimwimbia, na wakifika karibu na boma lenye msiba au lenye mgonjwa wa hali mbaya, anazikamata njuga ndani ya viganja zisilie, na waimbaji wanafunga midomo mpaka wapite. Ni Mama aliyetufundisha, kwa kofi pia ilipobidi. Hakuna mtu katika msafara ule aliyehitaji kuelezwa. Ngoma zilikoma katika lori la kwanza, zikakoma katika letu, kisha kimya kikaenda nyuma gari kwa gari. Wenye njuga walizikumbatia. Dereva wetu alitoa kichwa dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Tutapita polepole," akapunguza mwendo. Hata watu wa madukani Lugulu, waliokuwa wametoka na matawi, walituona tulivyo wakaelewa. Walipunga matawi bila kutoa sauti.

Nilijua palepale kilichokuwa kikitokea. Sitajidanganya kwamba nilichelewa kuelewa. Nilisimama nikafungua mdomo. Bibi mmoja mzee aliyekuwa ameketi kando yangu akanishika goti. "Keti, mwanangu," akanong'ona. "Si kuna wagonjwa hapa?" Na akina mama wote wakanitazama. Nilitaka kusema kwamba mgonjwa mmojawapo ni mama yangu na anangoja kelele yetu, kwamba hiyo kelele ndiyo dawa aliyoiomba. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini kimya cha watu mia wenye heshima ni kizito, na mimi, mwenye mdomo wangu wote ule, niliona aibu kuwa mtu mmoja anayepiga kelele mbele ya hospitali. Nikaketi.

Lango lilikuja. Palikuwa na askari wa zamu peke yake. Mama hakuwapo, sista hakuwapo. Hospitali yenyewe haionekani kutoka barabarani, miti na ua wa michongoma vinaificha. Askari alipotuona akavua kofia, akaishika kifuani, akasimama wima mpaka gari la mwisho lilipopita. Mama mmoja kwenye lori letu akasema taratibu kwamba huyo mzee anajua kuheshimu kombe.

Kelele zilirudi tukiwa tumeukaribia mji wa Webuye. Bungoma sina mengi ya kusema. Watu walikuwa wengi kuliko Kitale, walijaa kutoka stesheni ya reli mpaka maofisini, boda za baiskeli zimesimama kuta mbili, na hotuba zilikuwa ndefu. Mdogo wangu alibebwa mabegani. Mimi nilipiga makofi pale palipopigwa makofi. Nilijiambia labda sista alikataa, labda Mama alisinzia, labda ni afadhali. Nilipomfikia mdogo wangu jioni alinikumbatia akaniambia sikioni, "Dada, uliona tulivyomlinda Mama? Watu wote walinisikia." Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Nikamwambia niliona.

Jumatatu asubuhi nilipanda gari la kwanza kurudi Lugulu. Mdogo wangu alibaki, timu ilikuwa na mialiko. Mama nilimkuta amelala chali, macho wazi.

"Jana mlipitia wapi?" akauliza, hata kabla ya salamu.

Nikauliza kwa nini.

"Nilikaa pale barazani mpaka saa kumi na mbili. Sista alitaka kunirudisha, nikakataa. Hamkupita." Alisema bila lawama, kama mtu anayesimulia mvua iliyokataa kunyesha. "Kulipita tu watu wa matanga. Huku ndani tulisikia injini tu, nyingi, nyingi, zinaenda polepole, na hata mtu mmoja haongei. Nikamwambia sista, huyu aliyekufa alikuwa mtu wa watu. Tukainamisha vichwa, tukaombea mama yake kama bado yuko."

Nilishika ukingo wa kitanda. Nikaelewa na kofia ya yule askari. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na mlango ulikuwa wazi, na tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Tulipitia Kimilili na Chwele, Mama. Mwenyekiti alibadilisha njia dakika ya mwisho."

"Ah," akasema. "Chwele barabara ni mbaya."

Mdogo wangu alikuja Jumatano. Alivaa shati lake la kanisani na suruali iliyopigwa pasi, kwa sababu kombe lilikuwa limerudishwa kwa mwenyekiti na jezi zote zilikuwa zimekusanywa. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akauangalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, na nilitamani kumwita nje nimwonye, lakini alikuwa tayari ameanza.

"Jumapili ulinisikia, Mama? Hukunisikia, sivyo? Tulipita hapo chini, magari yote. Niliwanyamazisha, hata ngoma. Nikawaambia mama yangu yuko hapa, amelala, hakuna mtu atatoa sauti. Na hawakutoa, watu wote hao."

Mama alikigeuza kichwa chake akanitazama mimi. Nimeishi miaka mingi nikijaribu kuyasoma macho yale. Hasira haikuwamo, ningeijua, niliizoea. Alinitazama tu, kama anayehesabu vizuri ni nani aliyefanya nini na kwa sababu gani, kisha akamrudia mwanawe.

"Nililala vizuri sana, baba," akasema. "Asante."

Kijana alijaa furaha uso mzima. Hadi leo, yeye akiwa na watoto wake na goti lililomstaafisha mapema, husimulia jambo lile kwenye kila kikao cha familia, na watu hutikisa vichwa kwa mapenzi, nami hutikisa cha kwangu. Mama alituacha kabla ya Krismasi. Katika wiki zile alizobaki nazo hakulitaja, nami sikulitaja. Ningetoa chochote nipate saa moja naye, si kuomba msamaha, nadhani alinipa palepale, bali kumwuliza alijisikiaje alipogundua kwamba maombi yale alijiombea mwenyewe.

Siku ile ya Jumatano, baada ya kumwambia asante, alimvuta mdogo wangu kwa kola mpaka sikio lake likafika mdomoni mwake. Wodi ilikuwa imejaa, na kitanda cha pili kilikuwa na mgonjwa aliyekuwa katika hali mbaya.

"Sasa niambie," akasema. "Huko Kitale walikuwa wanaita namna gani?"

Mdogo wangu alimtazama yule mgonjwa wa kitanda cha pili. Kisha akapiga magoti sakafuni, akaweka mdomo kwenye sikio la Mama, akaanza kumnong'onezea kelele zote za Jumamosi, ngoma, honi, na jina lake mwenyewe tena na tena. Mama alifumba macho, na kila jina liliposemwa alitikisa kichwa, kama mtu aliyesimama katikati ya watu.